Magogo Yamehesabiwa, Samaki Je?

Ripoti za miradi ya kurejesha mito zina tabia moja. Zimejaa kilomita za kingo zilizopandwa miti, idadi ya magogo yaliyolazwa mtoni, hekta za uwanda wa mafuriko zilizofunguliwa upya na makalavati yaliyong'olewa. Samaki ambaye fedha zote hizo ziliombwa kwa jina lake utamkuta kwenye picha ya jalada, ameshikwa kwa mikono miwili, magamba yanang'aa. Ukifungua kurasa za ndani kutafuta kama ameongezeka au amepungua, unaambiwa kwamba "mazingira yake yameboreshwa". Basi.

Tabia hiyo ina takwimu zake. Mwaka 2005 Emily Bernhardt na wenzake, akiwemo Margaret Palmer, walichapisha katika jarida la Science matokeo ya kazi ya kuchosha: walikusanya kumbukumbu za miradi 37,099 ya kurejesha mito nchini Marekani. Ni takriban asilimia 10 tu ya kumbukumbu hizo zilizotaja tathmini au ufuatiliaji wa aina yoyote ile. Na hapo tunazungumzia shughuli ambayo, kwa makadirio yao, ilikuwa ikimeza zaidi ya dola bilioni moja kila mwaka tangu 1990. Miaka mitano baadaye Palmer na wenzake wakaangalia miradi 78 ambayo angalau ilipimwa, wakitafuta kama wadudu wa majini na viumbe wengine wasio na uti wa mgongo, ambao ndio chakula cha samaki wengi, walikuwa wameongezeka aina. Miradi mingi ilifaulu kuufanya mto uwe na kona, vina na mawe ya kila namna. Iliyoonyesha ongezeko la wazi la aina za viumbe ilikuwa miwili.

Nisieleweke vibaya. Simo katika kundi la wanaotaka mito iachwe ijifie, wala sidhani kwamba wanabiolojia wa mito wanatudanganya. Wengi wao wanayajua mapungufu haya kuliko mimi, na ndio waliofanya hesabu hizo. Ninachosema ni kwamba tathmini nyingi zinajibu swali ambalo samaki hakuuliza. Zinauliza: je, mto unapendeza kuliko jana? Samaki aliye hatarini kutoweka ana swali lake: nafia wapi, nikiwa na umri gani, na kazi mliyofanya imefika hapo?

Chukua hesabu ya kawaida kabisa. Gogo kubwa limelazwa mtoni pamoja na mizizi yake. Maji yakiligonga yanachimba chini yake, panakuwa na kidimbwi chenye kina, na nyuma ya gogo mkondo unatulia. Usiku, mtu aliyevaa suti ya mpira, miwani ya kuzamia na mrija wa kupumulia anajilaza kifudifudi juu ya maji ya baridi, tochi mkononi, anajivuta polepole kuelekea juu ya mto. Anakwenda usiku kwa sababu majira ya baridi samoni wachanga, samaki wanaozaliwa mtoni na kwenda kukulia baharini, hujificha mchana chini ya mawe. Anamulika chini ya gogo. Wamo. Wamejipanga, vichwa vyote vimeelekea mkondo unakotoka, kila mmoja akitikisa mkia kidogo tu, kiasi cha kutochukuliwa na maji. Anawahesabu mara mbili na kuandika kwa penseli kwenye kibao cha plastiki alichofunga mkononi: 38. Tuseme mwaka jana, kabla ya gogo, mahali hapohapo palikuwa na samaki 9.

Je, gogo limezalisha samaki 29? Kibao hakisemi. Huenda limewazalisha, huenda limewaita tu. Ukiweka benchi chini ya mti, jioni utakuta watu wamekaa, lakini hujaongeza hata mtu mmoja katika mtaa. Samaki 29 wanaweza kuwa wamehama kutoka mita mia mbili juu ya mto, ambako sasa hakuna mhesabuji na hakuna samaki. Tena yawezekana hali ikawa mbaya zaidi: mahali panapowavuta samaki wachanga huwavuta pia wanaowala. Msongamano ukapanda kwenye kibao, na idadi ya wanaofika baharini ikashuka, mwaka uleule, kijito kilekile.

Ndiyo maana mimi ripoti inayojivunia msongamano peke yake huiweka kando kwanza. Ninatafuta neno moja: kunusurika. Wangapi kati ya waliokuwa hai mwezi wa sita walikuwa hai mwezi wa kumi na mbili? Kulijibu swali hilo kunahitaji kumjua samaki mmoja mmoja, na teknolojia ya kumjua ipo miaka mingi sasa. Ni kidude cha kielektroniki kisicho na betri, ukubwa wa punje ya mchele, kinachoingizwa tumboni mwa samaki kwa sindano. Samaki akipita juu ya waya uliotandazwa chini ya kijito, namba yake inasomwa. Unajua ni yeye, unajua ametoka wapi, na usipomwona tena unaanza kukadiria kama amekufa au amehama.

Kijito cha Bridge Creek, kinachomwaga maji yake katika mto John Day, jimbo la Oregon nchini Marekani, kilipimwa hivyo. Kilikuwa kimejichimbia mfereji mwembamba wenye kina, kimeachana na uwanda wake, na maji yake yalipita kasi bila kutua. Watafiti hawakuleta magreda. Walipigilia vigingi vya mbao kukatisha kijito, wakasuka matawi katikati yake, wakaiga kazi ya biva, yule mnyama mwenye meno ya kukata miti anayejenga mabwawa madogo. Biva wenyewe wakaja, wakavikagua vigingi, wakaongeza matope na matawi yao, kisha wakaendelea kujenga pasipo mkataba wala posho. Maji yakapanda, yakatambaa kandokando, vidimbwi vikazaliwa.

Lakini kilichonivutia kwenye kazi hiyo, zaidi hata ya biva, ni kijito cha pili. Watafiti walichagua kijito kingine cha kulinganishia, Murderers Creek, ambacho hakikuguswa. (Kijito cha Wauaji kupewa kazi ya kuwa shahidi: ramani nazo zina mzaha.) Wakawawekea vidude trauti (ndugu wa samoni) wachanga wa aina ya stilihedi, wale wanaokwenda baharini na kurudi, kwa maelfu katika vijito vyote viwili, kabla na baada ya ujenzi. Matokeo yalipochapishwa mwaka 2016, msongamano wa Bridge Creek ulikuwa umepanda ukilinganishwa na kijito cha pili, na kilichonifanya niamini ni kwamba kunusurika kulipanda pia, na jumla ya uzalishaji ikapanda pamoja nako. Vibwawa havikuwazuia samaki kupanda wala kushuka. Bila Murderers Creek, mtu yeyote angeweza kusema kwamba ilikuwa miaka mizuri tu, mvua zilinyesha, bahari ilikuwa na neema. Kijito kisichoguswa ndicho kilichofunga mjadala, na ndicho ambacho wafadhili huwa hawataki kukilipia. Nani atakata utepe kwenye kijito ambacho hakikufanyiwa kitu?

Sasa bahari. Samoni wa Pasifiki ni mfano halisi wa mwenda tezi na omo: anazaliwa kijitoni, anashuka, anatanga baharini mwaka mmoja hadi minne, kisha anarejea ngamani kutaga na kufa. Katika safari hiyo mradi wako unamiliki kipande kidogo tu. Joto la bahari, wingi wa chakula huko, sili, nyavu na kuta za mabwawa njiani vinaweza kuifuta kazi nzuri ya kijitoni, au kuisifia kazi mbovu. Idadi ya wanaorudi hupanda na kushuka maradufu kutoka mwaka hadi mwaka bila mtu kugusa jiwe. Kutafuta athari ya kilomita mbili za kingo ndani ya mawimbi hayo ni sawa na kusikiliza mbu anayelia karibu na mashine ya kusaga.

Mwaka 2010 Philip Roni na wenzake walijaribu kuukadiria ugumu huo kwa hesabu, wakitumia bonde la mfano la eneo la Puget Sound, jimbo la Washington. Waliuliza: ni kiasi gani cha makazi kifanyiwe kazi ili vifaranga wa samoni aina ya koho na wa stilihedi wanaoshuka baharini waongezeke kwa asilimia 25? Hicho ndicho kiwango cha chini ambacho programu nyingi za ufuatiliaji zinaweza kukigundua. Jibu lilikuwa asilimia 20 ya makazi ya mkondoni na ya uwandani. Lakini kwa kuwa samaki huitikia kwa namna zinazotofautiana mno, kuwa na uhakika wa asilimia 95 kungehitaji makazi yote yafanyiwe kazi. Yote, asilimia 100.

Namba hizo zinakata pande zote mbili. Zinamwambia mkosoaji kwamba ripoti inayosema "hatukuona mabadiliko" haithibitishi kuwa mradi umeshindwa. Mara nyingi darubini ilikuwa dhaifu kuliko nyota. Wakati huohuo zinamnyima mwenye mradi mdogo haki ya kujipiga kifua. Kama kazi yako imegusa asilimia moja ya bonde, huna namna ya kudai kwamba samaki walioongezeka mwaka ule ni wako. Ningependa kuona wenye miradi midogo wakikubali tu kuandika hivi: tumeondoa kalavati lililozuia samaki, tumepiga picha samaki wakipita, kuhesabu ongezeko si kazi yetu, ni kazi ya bonde zima. Sentensi hiyo ni ya kweli, na haina aibu yoyote.

Turudi kwenye swali la samaki anafia wapi, maana hapo ndipo fedha nyingi hupotea kimyakimya. Samoni jike akitaka kutaga hulala ubavu na kupiga mkia kwenye changarawe. Mawe yanainuka, mkondo unayasogeza, panakuwa na shimo. Anataga humo, dume anamwaga manii, kisha jike anasogea mbele kidogo na kuchimba tena, changarawe za shimo jipya zinafunika mayai ya shimo la kwanza. Mayai hukaa humo chini kwa miezi, yakipumua kwa maji yanayopenya kati ya jiwe na jiwe. Mchanga mwembamba na tope vikiziba nafasi hizo, yai linakosa hewa na kufa palepale lilipofukiwa. Mhesabuji wa usiku hataliona. Sasa chukua kijito ambacho kilima chake kimekatwa miti, barabara za udongo zinamwaga tope kila mvua ikinyesha, kisha ulaze humo magogo mia moja kwa ajili ya samaki wa mwaka mmoja. Umejenga nyumba nzuri za wapangaji ambao hawazaliwi. Magogo yale yangekuwa dawa katika kijito cha jirani ambako mayai hayana shida na wachanga ndio wanaokosa pa kujificha.

Mto Rio Grande, katika jimbo la New Mexico, unaonyesha jambo hilohilo kwa sura nyingine. Kuna samaki mdogo wa rangi ya fedha, mfano wa dagaa, aliyeingizwa kwenye orodha ya walio hatarini kutoweka mwaka 1994. Hutaga theluji ya milimani inapoyeyuka na mto kujaa, na mayai yake huelea yakichukuliwa na maji, kisha kuta za kuchepushia maji zinawazuia waliosombwa kurudi juu. Kwa ajili yake kingo zimeshushwa mahali pengi ili mafuriko yatambae na vifaranga wapate maji ya kina kifupi yaliyotulia. Wazo ni zuri. Lakini kuna miaka ambayo theluji ni chache, maji yamegawiwa mashamba na miji, kingo zilizoshushwa zinabaki kavu, na vipande vya mto wenyewe vinakauka hadi watu wanaingia na nyavu na ndoo kuokoa samaki kwenye vidimbwi vilivyobaki. Ukizitathmini kingo zile mwaka wa maji utaandika "zimefaulu". Mwaka wa ukame utaandika "zimeshindwa". Kingo ni zilezile. Kinachobadilika ni maji, na maji hayakuwamo kwenye mkataba wa mradi.

Halafu kuna tatizo ambalo ni la samaki adimu peke yao. Kadiri alivyo adimu ndivyo unavyohitaji zaidi kumpima, na ndivyo unavyoruhusiwa kidogo zaidi kumgusa. Njia iliyozoeleka ya kukamata samaki mtoni ni kupitisha umeme majini ili wapoteze nguvu kwa muda, na umeme huo unaweza kuwavunja uti wa mgongo. Sheria za uhifadhi kwa haki kabisa zinaweka ukomo wa wangapi wanaweza kudhurika kwa jina la utafiti. Sasa wapo wanaochota maji na kutafuta humo chembe za DNA alizoziacha samaki, njia safi na ya upole, ila itakuambia kwamba yupo au amepita, haitakuambia kwamba ni wanane au mia nane, wala kama wanazaa.

Kwa hiyo wengi hupima samaki wa kawaida badala yake, wakiamini kwamba wa kawaida akistawi, adimu naye yu njiani. Mto Penobscot, jimbo la Maine, unatufundisha tuwe waangalifu na imani hiyo. Mabwawa ya Great Works na Veazie yalibomolewa mwaka 2012 na 2013. Samaki wa jamii ya heringi wanaopanda mtoni kutaga, ambao walikuwa wamebaki maelfu machache, wakafika zaidi ya milioni mbili ndani ya miaka michache. Ni ufufuo wa ajabu, na sina neno baya juu yake. Lakini samoni wa Atlantiki, yule aliyemo kwenye orodha ya walio hatarini, ameendelea kurudi kwa mamia au kwa elfu moja na ushee kwa mwaka, na wengi wa hao walianzia maisha kwenye vituo vya kutotoleshea vifaranga. Ukuta haukuwa adui yake pekee. Tathmini iliyohesabu "samaki wanaopita" ingempa mradi alama zote. Tathmini ya samoni ingekuwa na maneno machache na ya chini.

Vituo hivyo vya vifaranga ndivyo vinavyochafua hesabu kuliko kitu kingine chochote. Mwaka 2023 mchumi William Jaeger na mwanabiolojia Mark Scheuerell walichapisha uchambuzi wa bonde la mto Columbia, kaskazini-magharibi mwa Marekani, ambako samoni na stilihedi kadhaa wamo kwenye orodha ya ulinzi. Katika miongo minne zaidi ya dola bilioni 9, zikisawazishwa kwa mfumuko wa bei, zilikuwa zimetumika. Wakachukua kumbukumbu za miaka 50 za samaki waliopita bwawa la Bonneville. Samaki wa vituoni walikuwa wameongezeka. Ushahidi kwamba samaki waliozaliwa porini wameongezeka kwa sababu ya fedha hizo haukuonekana.

Ni rahisi kuisoma taarifa hiyo kama hati ya mazishi ya kazi yote ya kurejesha makazi. Mimi siisomi hivyo. Fedha zile zilichanganya mambo mengi, vituo vya vifaranga vikiwemo, na kuta kubwa za mabwawa ya umeme zilibaki mahali pake muda wote. Hakuna Columbia ya pili, isiyotumiwa fedha, tuitazame tuone ingekuwaje. Lakini kuna hoja moja ya uchambuzi ule ambayo hakuna utetezi unaoikwepa: kwa miaka mingi samaki wote wanaopita ukutani walijumlishwa, na jumla hiyo ikasomwa kama dalili ya afya ya mto. Kumwaga mamilioni ya vifaranga chini na kuhesabu wanaorudi juu kunapima kazi ya kituo. Kama mradi wa makazi unataka kuhukumiwa kwa haki, basi samaki wake watenganishwe na wa kituoni tangu siku ya kwanza, kwa kuwakata wa kituoni kipezi kidogo cha mgongoni au kwa vinasaba. Asiyetaka kuwatenganisha ana sababu yake.

Mifano ya kufaulu ipo, na naipenda kwa sababu si ya kifahari. Chabu wa Oregon ni samaki mdogo wa madimbwi ya pembeni ya mto Willamette, urefu wa kidole. Mwaka 1993 alipowekwa kwenye orodha walikuwa chini ya 1,000, katika maeneo manane. Mwaka 2015 akaondolewa akiwa samaki wa kwanza nchini Marekani kutolewa kwenye orodha hiyo kwa sababu amepona, si kwa sababu ametoweka. Wakati huo walikadiriwa kuzidi 140,000 katika maeneo yapatayo 80. Kwa nini yeye? Kwa sababu chanzo cha kifo chake kilijulikana: madimbwi yake yalikauka au yalifukiwa mto ulipodhibitiwa, na katika yaliyobaki waliingizwa samaki wageni waliomla. Akapewa madimbwi, akahamishiwa mengine yasiyo na wageni. Haendi baharini, maisha yake yote ni dimbwi moja, unaweza kumhesabu kila mwaka mahali palepale. Ugonjwa ulijulikana, dawa ikaenda penye ugonjwa, na kipimo kikawa kinapima dawa hiyo. Samoni hana bahati hiyo.

Mambo ya wageni yananikumbusha kitu ambacho mashabiki wa kubomoa kila kizuizi hawapendi kukisikia. Katika milima ya magharibi ya Marekani kuna trauti wa asili ambao wamebaki hai kwa sababu tu ya maporomoko au ukuta uliowazuia trauti wa kuletwa wasiwafikie. Ukiwafungulia njia unawafungulia adui. Huko ukuta hujengwa kwa makusudi, na tathmini inayotoa alama kwa "kilomita zilizounganishwa" ingeuita uhifadhi huo uharibifu.

Elwha ndio mto ninaoutumia kuwajaribu watu wenye haraka. Kuta mbili, ya Elwha na ya Glines Canyon, zilisimama katika mto huo wa jimbo la Washington kwa takriban karne moja, hazina ngazi ya samaki, zikiwaachia samoni kilomita nane tu za chini. Kazi ya kubomoa ilianza Septemba 2011 na kukamilika 2014. Nyuma ya kuta kulikuwa na takriban mita za ujazo milioni 21 za tope, mchanga na kokoto. Sehemu kubwa yake ikashuka. Mto wa chini ukawa rangi ya kahawia, mazalia yakafunikwa, wadudu wa majini wakapungua. Mtu aliyepima mwaka 2013 angeandika kwamba mradi umewaua samaki aliotumwa kuwaokoa, na kwa mwaka ule asingekuwa mbali na ukweli. Ila kuporomoka huko kulitabiriwa na kuandikwa mapema: tope kwanza, kisha mkondo mpya, kisha mwambao mpya kwenye mlango wa mto, kisha samaki. Uvuvi ulisimamishwa, vifaranga wa akiba wakawekwa kituoni.

Kilichofuata hakikuwa chote kwenye jedwali hilo. Stilihedi wa kiangazi, waliodhaniwa wamekwisha, walianza kuonekana wakipanda. Damu yao ilikuwa imehifadhiwa na trauti waliokwama nyuma ya kuta, vizazi kwa vizazi, wasioijua bahari. Njia ilipofunguka baadhi ya wajukuu wakaenda. Samoni wa aina ya Chinook wameongezeka polepole zaidi, na wengi wao bado wana asili ya kituo. Mwaka 2023 jamii ya Lower Elwha Klallam, wenyeji wa asili wa mto huo, iliruhusiwa tena kuvua koho wachache katika mto wao, baada ya zaidi ya miaka kumi ya kujizuia. Mradi mmoja, samaki watatu, majibu matatu tofauti. Anayetaka neno moja la "umefaulu" au "umeshindwa" itabidi kwanza aseme anamuulizia samaki yupi.

Kwa hiyo mimi ningeanzia kwenye karatasi ya maombi ya fedha, kabla hata ya kukata gogo la kwanza. Mwombaji aandike samaki huyu anafia hatua gani ya maisha na amejuaje. Aonyeshe miaka ya vipimo kabla ya kazi, na mto wa kulinganishia utakaopimwa sambamba, kwa fedha ileile. Aandike mapema anatarajia kuona nini mwaka wa pili, wa tano, wa kumi, pamoja na matokeo yatakayomfanya akiri kwamba alikosea. Miradi kumi isiyoweza kupimwa ningeibadilisha na miwili inayoweza, hata kama kilomita zitapungua kwenye ripoti, na midogo iliyobaki ningeiruhusu iendelee bila kuilazimisha idai isichokijua.

Kikwazo cha haya yote wala si sayansi. Ni kalenda. Fedha za mradi kwa kawaida hutolewa kwa miaka mitatu: mmoja wa kupanga, mmoja wa kujenga, mmoja wa kuhesabu. Mwaka wa kuhesabu ukifika, suti ya mpira inakaushwa, vibao vya plastiki vinajazwa, ripoti inaandikwa, picha ya jalada inachaguliwa. Chinook aliyetagwa kwenye changarawe mpya mwaka wa ujenzi atakuwa kwa wakati huo baharini, mkubwa kama kiganja, na amebakiza miaka miwili au mitatu kabla hajaanza kurudi.